Sabuni, Mbwa wa Nyumba ya Dobi

Machi 3
Mshauri wa kliniki amesema niandike. Nimemuuliza nikikosa cha kuandika je, akasema basi niandike kwamba nimekosa. Haya. Mimi ni dobi, nina miaka hamsini na miwili, na mume wangu ana wiki saba kaburini. Daktari amenipima moyo, mapafu na damu, akasema mwili hauna tatizo. Lakini kifua kinabana, mikono inatetemeka, na wiki iliyopita nimeunguza kola mbili za wateja, aibu ambayo sijaipata tangu nilipokuwa najifunza kazi. Mshauri anaona nahitaji kiumbe wa kukaa naye. Nikamwambia nyumbani ninaye wifi yangu. Akauliza, "Mnaongea?" Nikasema ndiyo, tunaongea kuhusu mashuka.

Machi 6
Nimeenda kituoni wanakotunza mbwa waliookotwa. Msimamizi ni mwanamke mwenye buti za mpira na sauti ya mtu aliyezoea kushindana na kelele. Kanipitisha mbele ya mabanda, kila mbwa akinibwekea kana kwamba nimekuja kuiba. Mmoja tu alikaa kimya. Ni wa kahawia kama mche wa sabuni, sikio moja limekatika, mbavu unaweza kuzihesabu. Walimkuta amefungwa kwenye geti la kiwanda kilichoachwa, hana hata maji. Nilipochuchumaa kumtazama alikuja moja kwa moja, akaniwekea kichwa pajani, akashusha pumzi ndefu. Mimi nami nikashusha yangu. Nilikaa hivyo hivyo mpaka miguu ikafa ganzi.

"Huyo ndiyo kazi yake," kasema msimamizi. "Mtu akiwa na huzuni anamjua hata kama amejificha nyuma ya mlango."

Nimepewa kwa majaribio mpaka mwisho wa Mei. Siku ya mwisho msimamizi atakuja nyumbani na fomu, na kila mtu mzima wa nyumba ataweka sahihi. Mmoja akikataa, mbwa anarudi bandani. Kwetu watu wazima ni wawili, mimi na wifi.

Machi 7
"Wifi, hiki ni nini?"

"Mbwa."

"Naona ni mbwa. Nauliza anafanya nini kwenye nyumba yenye mashuka meupe ya watu."

Nimemweleza habari za mshauri. Amesikiliza amekunja mikono, macho kwenye makucha ya mbwa.

"Na jina?"

"Sabuni."

"Sabuni ya kuchafua! Hiyo ndiyo nilikuwa sijaiona." Akageuka kwenda zake. Alipofika mlangoni akasema, "Na hiyo fomu yenu, sahihi yangu msiitegemee."

Wifi ni dada mkubwa wa marehemu. Anaishi nasi mwaka wa tisa sasa, tangu alipoachana na mumewe. Yeye anashika mashine na kamba, mimi nashika pasi na madoa, na marehemu ndiye alikuwa wa kuchukua mafurushi kwa wateja na kuyarudisha. Siku ya mazishi wifi hakudondosha hata chozi moja. Alikuwa anahesabu viti, vya kukodi vingapi, vya jirani vingapi. Sijamsamehe vile viti.

Machi 8
Mvua imeanza. Kamba za nje tumezifungua, tumezifunga sebuleni.

Machi 15
Siku nane na sijaunguza kitu. Sabuni analala chini ya meza ya kupigia pasi, kidevu juu ya mguu wangu. Kifua kikianza kubana, kabla mimi sijajua, yeye ameshanyanyuka na kuniegemea na uzito wake wote, na ninalazimika kuweka pasi chini ili nisianguke. Mshauri angelipwa kwa hilo. Mbwa anafanya kwa mabaki ya wali.

Leo nimefungua kabati la marehemu. Nitaandika jambo hili kwa sababu nimeambiwa niandike. Siku ya tatu baada ya mazishi nilichukua nguo zake zote, mpaka soksi, mpaka leso ya mfukoni, nikazifua. Hakuna aliyeniambia. Dobi akichanganyikiwa, anafua. Niliziloweka, nikazisugua, nikazipiga pasi na kuzikunja kama za mteja. Sasa nafungua kabati natafuta harufu yake, nakutana na harufu ya sabuni ya unga. Nimemfua mume wangu mpaka ameisha.

Machi 19
Wifi kawasha mashine tangu alfajiri. Sijui anafua nini, za jana zenyewe hazijakauka.

Machi 20
Mashine tena. Mvua tena.

Machi 24
Sebule imejaa mashuka kuanzia dari hadi magoti, ukitaka kupita unapita umeinama. Nimejikunyata katikati yake na Sabuni, nikamwambia jambo ambalo hata mshauri sijamwambia.

Siku ile nilikuwa napiga pasi. Mume wangu alikuwa nyuma yangu, amekaa juu ya furushi karibu na mlango, anapumzika kabla ya kupeleka mzigo. Nikamwita anisogezee maji. Kimya. Nikamwita tena. Nikamwita mara ya tatu. Ya nne nikasonya, nikasema, "Wewe mwanamume utakufa na uvivu wako." Ndipo nikageuka. Alikuwa ameegemea ukuta, mdomo wazi kidogo, na alikuwa ameshakufa. Sijui tangu wito wa kwanza au wa tatu. Neno la mwisho alilolipata kutoka kwangu baada ya miaka ishirini na sita ni msonyo.

Sabuni alinilamba mkono kama vile nimemsimulia habari za hali ya hewa. Nilimshukuru kwa hilo.

Machi 27
Mwenye nyumba ya wageni karudisha shuka moja lenye unywele wa kahawia. Wifi kalipokea kwa vidole viwili, akalitundika mbele yangu juu ya meza. Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Aprili 2
Mashine tangu alfajiri. Nilipoamka Sabuni hakuwa chini ya kitanda changu. Nimemkuta amelala mbele ya mlango wa chumba cha mashine, pua kwenye upenyo wa chini. Nimemwita, kanitazama, akatikisa mkia, asinyanyuke.

Nimeona wivu. Naandika hivyo hivyo kwa sababu ni kweli. Mtu hamtaki mbwa, anamwita sabuni ya kuchafua, na mbwa anamlilia mlangoni.

Aprili 3
Vilevile.

Aprili 5
Vilevile. Nimekunywa chai peke yangu na kinyongo.

Aprili 9
Leo wifi alipotoka kwenda dukani niliingia chumba cha mashine kutoa nguo ambazo mashine ilikuwa inazungusha tangu alfajiri. Nimefungua mlango wa mashine. Ndani hamna kitu. Si kwamba zimeshatolewa, kwa sababu kwenye kamba hakukuongezeka hata foronya. Wifi alikuwa anazungusha maji matupu.

Nikadhani ameanza kuchanganyikiwa. Nikadhani pia anafanya kusudi ili maji yaishe nishindwe kazi. Ndivyo nilivyomfikiria, Mungu anisamehe.

Aprili 14
Radi za mchana kutwa. Mzigo wa nyumba ya wageni ilibidi niupeleke mwenyewe, nikakwama kibarazani kwao saa nzima, roho yote ikiwa nyumbani. Sabuni anaogopa radi, akizisikia anakwaruza milango mpaka kucha zinatoa damu. Nimerudi mbio nimelowa chapachapa, nikijiandaa kukuta milango imechanika na wifi amepandwa na hasira. Nyumba imetulia. Sabuni amelala fofofo chini ya meza. Wifi anamenya viazi.

"Hakusumbua?"

"Asumbue amekuwa mtoto?" kasema, macho kwenye viazi.

Aprili 17
Nitaandika yote, hata kama itachukua kurasa.

Asubuhi radi zilipiga tena, nusu saa hivi, kisha jua likatoka. Nimetoka uani kuwahi kufunga kamba. Sabuni alikuwa chini ya upenu wa nyuma, amelalia kitambaa, amekivuta mpaka kwenye dimbwi, kimekuwa tope tupu na manyoya. Nikadhani ni tambara lolote. Nikamnyang'anya, nikaingia nalo ndani, nikalitia kwenye beseni la madoa pamoja na vitambaa vya meza. Sikulitazama. Miaka thelathini ya kazi, mkono unaona uchafu kabla ya jicho kuona kitu. Maji ya moto, sabuni, dawa ya madoa, nikasugua, nikasuuza mara tatu. Likatoka shati. Shati la kiume, la bluu. Nikasema labda la mteja limeanguka kwenye kamba, bahati yangu nimeliokoa. Saa tisa lilikuwa limekauka, nikaliweka mezani nipige pasi.

Nilianza na kola, kama kawaida. Nikaja kwenye mkono wa kushoto. Kwenye kiwiko kulikuwa na kiraka, na uzi wa kile kiraka ulikuwa wa kijani, kwa sababu siku nilipokishona uzi wa bluu ulikuwa umeniishia na yeye akasema nani ataangalia kiwiko cha mchukuzi wa mafurushi.

Nikasimama na pasi mkononi. Nguo zake zote nilizifua wiki ile ya msiba. Zote nilizozikuta. Hili sikulikuta, maana yake kuna mtu alilificha nisilifue.

Wifi aliingia akiwa na kikapu cha vibanio. Akaona shati mezani. Aliweka kikapu chini taratibu sana, akalichukua shati, likiwa bado la moto, akalipeleka puani. Akavuta pumzi. Akageuza upande wa kwapa, akavuta tena. Akajaribu na kola.

"Hata hili, wifi?" akasema.

"Sikujua. Lilikuwa kwenye tope, na Sabuni alikuwa…"

"Nilimpa mimi." Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia. "Siku ile ya radi alikuwa anatetemeka. Alikuja akajisukuma chini ya kitanda changu. Nikampa shati la mdogo wangu alale nalo, akatulia. Leo nikampa tena, nikasahau kumnyang'anya mapema. Nililiweka chini ya godoro langu tangu siku ile uliyokuwa unafua kama mwendawazimu. Nilikuona unatoa mpaka leso. Nikasema huyu atatufuta mtu wetu mpaka asibaki. Nikabaki na hili moja tu, wifi. Moja."

Nikaweka pasi chini bila kutazama.

"Siwezi kukaa kwenye nyumba ambayo kila kitu kinafuliwa," akasema, akakaa sakafuni pale pale kati ya mashuka, shati mapajani, na akalia. Yule mwanamke wa viti. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama anavyolia mtoto aliyeachwa shuleni. Na mimi nikaitambua ile sauti. Nilikuwa nimeisikia kila alfajiri chini ya ngurumo ya mashine, nikidhani ni mkanda umelegea.

Sabuni alitoka chini ya meza yangu, akanipita, akaenda kumwekea kichwa pajani. Hakunitazama. Na kwa mara ya kwanza sikuona wivu, niliona haya. Mbwa niliyemleta kwa ajili ya huzuni yangu alikuwa na wagonjwa wawili muda wote huo, na mimi nilijua mmoja tu.

Kitambaa cha meza kimeungua. Nilisahau pasi.

Aprili 18
Hatujasemezana.

Aprili 19
Wifi hajawasha mashine. Kumbe ukimya wa nyumba hii ni mbaya kuliko ile kelele.

Aprili 22
Nilikuwa naanika foronya upande mmoja wa shuka, yeye anaanika upande wa pili. Nikaona miguu yake tu na mkia wa Sabuni.

"Nilikusikia siku ile," akasema kutoka upande wake. "Ulipokuwa unamsimulia mbwa habari ya msonyo."

Nikaacha kuanika.

"Huyo mdogo wangu alikuwa haitiki mara ya kwanza tangu utotoni. Mama alikuwa anamwita mara saba, ya nane anatuma fimbo. Hata mimi ningesonya. Mtu yeyote aliyeishi naye angesonya." Akabana kibanio. "Kama alikusikia, alisikia kitu alichokizoea. Hakusikia kitu kigeni."

Nilicheka. Sikutaka, kikatoka tu, na upande wa pili nikasikia naye kinamtoka, na tukasimama hivyo tunachekea shuka la watu mpaka kicheko kikageuka kuwa kile kingine. Sabuni alikuwa anakimbia huku na huku chini ya shuka, hajui aanze na nani.

Mei 4
Mvua imepungua. Sabuni amenenepa. Wifi anamkatia nyama akidhani simwoni.

Mei 12
Wifi kaniambia anahamia kwa binti yake. Ni safari ya siku mbili. Nilidhani yameisha, nikamwambia hivyo.

"Yameisha, wifi. Nimekusamehe kutoka moyoni. Lakini kila nikikuona unashika beseni, roho inaniruka. Nimechoka kuishi na roho inayoruka."

"Nitaacha kazi," nikasema. Alinitazama kwa huruma. Tunajua wote kwamba siwezi kitu kingine.

"Na sahihi nitakuwekea," kaongeza. "Usinitazame hivyo. Nani atakulinda na hizo pasi zako?"

Mei 13
Mbwa ni wangu basi. Nilipaswa kufurahi.

Mei 20
Wifi anafunga mizigo. Sabuni analala juu ya kila begi linalofunguliwa. Usiku wa kuamkia leo nilibanwa na kifua, akaja, nikapona ndani ya dakika kumi. Nimemkumbatia nikamwambia wewe ni wangu, umesikia? Wangu. Alinilamba sikio. Yeye angemlamba hata mwizi.

Mei 27
Mashine tangu alfajiri.

Nimekaa kitandani nikiisikiliza. Sabuni alikuwa ameshaenda mlangoni kwake. Nimefikiri, kule kwa binti yake kuna vyumba viwili, mkwe, watoto watatu, hakuna mashine. Atalilia wapi? Mimi msiba ulipotokea watu walinijia mimi. Mjane ni mimi, pole zote nilipewa mimi, mshauri nimepewa mimi, mbwa nimepewa mimi. Dada mtu aliambiwa ajikaze, kisha akaulizwa viti vinatosha? Akajikaza, akahesabu viti. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kingine, na mimi ndiye niliyekuwa karibu zaidi ya wote.

Binti yake ana ua mkubwa. Nimempigia simu leo kuuliza. Nimejifanya nauliza habari za mvua.

Mei 30
Sijui kama nitaweza. Nimemchana Sabuni manyoya, nimemwogesha, nimemkata kucha. Mikono ilikuwa inatetemeka, akavumilia.

Mei 31
Msimamizi amefika saa nne na buti zake, ingawa nje ni kukavu. Mabegi ya wifi yalikuwa yamepangwa kibarazani, gari linakuja saa sita. Msimamizi alitandaza fomu juu ya meza ya pasi. Wifi akaivuta kabla sijakaa, akatafuta mahali pake, akaandika sahihi kubwa yenye mkia.

"Haya. Asije akasema nimemnyima," akamwambia msimamizi.

Juu ya fomu kulikuwa na mstari wa mwenye mbwa. Msimamizi alikuwa ameshaandika herufi mbili za jina langu.

"Futa," nikamwambia. "Andika lake."

Wifi alinigeukia. "Wewe, una akili?"

"Binti yako ana ua. Nimeuliza."

"Na wewe je? Hicho kifua?"

"Nina mshauri. Wewe una nani?"

Wifi alikaza macho kwenye fomu, na kidevu kikaanza kumcheza, akakibana kwa vidole kama mtu anayezuia jino. Msimamizi naye akajifanya anatafuta kalamu nyingine. Nikaweka sahihi yangu chini ya ya wifi, mahali pa mtu mwingine wa nyumba, na mkono haukutetemeka. Sijui ulingoja nini kutetemeka, maana umetetemeka baadaye jioni nzima.

Wifi alinishika mabega wakati wa kuagana, akanikumbatia kwa nguvu, kifua changu kwenye kifua chake, kitu ambacho hatujakifanya kwa miaka tisa. "Wifi yangu," akasema. "Wifi yangu we."

Sabuni aliruka kwenye gari bila kuambiwa. Alijipenyeza kati ya mabegi, akamwekea wifi kichwa pajani, akashusha pumzi. Nilisimama pale nikingoja ageuke. Gari likakata kona.

Nimeingia ndani. Sebule ilikuwa na mwanga, mashuka yote yamerudi kwenye kamba za nje, na nilikuwa nimesahau kwamba chumba hiki ni kikubwa. Nimekaa sakafuni chini ya meza ya pasi. Nikalia kwa sauti, mdomo wazi, sikuwasha mashine. Kwa muda nilikuwa natega sikio nisikie kucha zake sakafuni. Kisha nikaacha kutega, nikalia mpaka nikamaliza mwenyewe.